Mahali Kisipopita Kisu

Bimdogo alimwaga debe zima la maji mchangani mchana kweupe, na majirani wakaona. Katika nchi ya Newala, ambako watu wanakaa juu na maji yako bondeni, kumwaga maji safi ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Mchanga uliyanywa papo hapo. Likabaki doa jeusi, na kuku wawili wakaja kulidonoa.

Debe hilo lilikuwa limeletwa na Fakihi, mume wa binti yake. Alikuwa ameliweka pembeni mwa ua, karibu na uzio wa jiko, kama inavyompasa mkwe asiyetakiwa kuonana uso kwa uso na mama wa mkewe. Kisha alikwenda zake, mgongo umenyooka kama wa mtu aliyefungiwa ubao ndani ya shati.

Sikudhani alitoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Mama, umefanya nini?"

"Umeona nilichofanya."

"Hayo ni maji ya bondeni. Mtu amepanda nayo mlima tangu alfajiri."

"Amepanda nayo pamoja na ugonjwa wake," Bimdogo alisema. Hakuwa na hasira. "Baba yako alianza vivyo hivyo. Alisema mgongo, na sisi tukasema mgongo. Nilimzika akiwa mwepesi kama kapu."

Sikudhani alijifuta unga mikononi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpepea baba yake miezi ile ya mwisho, na sauti ya kile kikohozi alikuwa bado anaisikia kila mtu anapokohoa kijijini Chilangala.

Habari yenyewe ilianzia zahanati ya Newala. Dresa, tabibu msaidizi wa pale, alimvua Fakihi shati, akampapasa uti wa mgongo, akamwambia ainame aguse vidole vya miguu. Fakihi aliinama mpaka mikono ikafika magotini, basi. Dresa alikuwa mtu mwangalifu. "Huenda ni kifua kikuu kilichoingia mgongoni," alisema. "Sisemi ndicho. Mimi nina vidole tu. Wenye mashine ya picha wako chini, hospitali ya misheni upande wa Masasi. Ikiwa ndicho, watakufunga plasta ngumu ya mgongo, ulale nayo mwaka mzima."

Maneno hayo yalipofika Chilangala yalikuwa yamepungua. Neno "huenda" lilibaki njiani. Kifua kikuu kilifika kizima.

Tangu siku hiyo kikombe cha Fakihi kilitundikwa peke yake kwenye mti wa uzio. Somoe, binti yake wa miaka minne, alikatazwa kumgusa, na kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu alisimama mbali na kumpungia mkono kama anayeagana na mtu wa safari. Wanaume wenzake, ambao tangu zamani walimcheka kwa sababu kila alfajiri aliteremka bondeni na wanawake na kurudi na debe kichwani juu ya kata ya nguo, sasa waliacha kumcheka. Hilo lilimuuma zaidi. Mtu anayechekwa bado ni wa watu.

Siku ya pili baada ya maji kumwagwa, Dadi alikuja kutoka Newala. Dadi alikuwa kaka wa Bimdogo, mchinjaji wa sokoni, mnene, mwenye kanzu safi na kucha zisizosafika. Kwa watu wa huko, mjomba wa mke ndiye mwenye neno, na Dadi hakuwa mtu wa kulitumia neno lake kwa ubahili.

Fakihi alimkuta amekaa barazani. Alisimama mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Dadi alimtazama kutoka chini mpaka juu. "Wakwe wengine wanachuchumaa wakiniamkia. Wewe unanisimamia kama mlingoti wa bendera pale bomani."

"Nisamehe, mjomba. Nikichuchumaa sitainuka."

"Shambani kwa dada yangu pia huinami. Korosho zinaokotwa chini, bwana. Haziokotwi hewani."

Sikudhani, aliyekuwa amekaa mkekani nyuma ya mlango na mtoto mapajani, alitazama mikono yake.

"Nimekuja kwa jambo moja," Dadi alisema. "Sikudhani na mtoto nawachukua leo, wakakae kwangu Newala. Wewe nenda kwenye hiyo picha. Ikisema ni kifua kikuu, utatoa talaka kwa amani, na mimi mwenyewe nitakuletea chakula mpaka mwisho wako. Simchukii mtu. Lakini nimeshamzika mume wa dada yangu, na sikubali kumzika binti yake."

"Na ikisema sicho?" Sikudhani aliuliza kutoka ndani.

"Mtarudi."

"Nani atakayeamini? Akija kusema yeye, mtasema anaficha. Dresa akisema, mtasema kapewa kuku."

"Unataka nini basi?"

Sikudhani alitoka mlangoni. Haikuwa kawaida yake kusimama mbele ya mjomba wake, na alipiga magoti haraka kabla hajaendelea. "Nenda naye, mjomba. Ukaione picha kwa macho yako."

Dadi alicheka. "Mimi? Nikaone nini? Mimi ni mtu wa nyama."

"Ndiyo maana," Sikudhani alisema.

*

Sikudhani na mtoto walibaki nyumbani kwa Dadi, Newala, na wanaume wawili wakateremka na lori la korosho. Dadi alikaa mbele na dereva. Fakihi alipanda juu ya magunia. Abiria wengine walipopata habari, na habari katika lori hupatikana upesi, walimwachia nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Mama mmoja alimfunika mwanawe uso kwa kanga. Katika kila shimo la barabara Fakihi alishika kamba kwa mikono miwili na kufumba macho.

Lori liliposimama Masasi kupoza injini, Dadi alishuka akanunua maandazi. Alimrushia moja Fakihi kutoka chini, kwa shabaha nzuri.

"Umelidaka," alisema. "Mikono haina ugonjwa."

"Mikono mizima, mjomba."

"Na miguu?"

"Miguu pia."

"Basi ugonjwa umechagua sehemu ile tu ya kushikia jembe. Ugonjwa una akili huo."

Watu juu ya magunia walicheka. Fakihi alilila lile andazi polepole, akitazama mbele, kwa kuwa kugeuza shingo pande zote hakuweza.

Usiku walilazwa kwenye banda la wageni la hospitali, kila mmoja na mkeka wake, Dadi karibu na mlango penye hewa. Kulipokucha Dadi aliamka kutawadha, akaona jambo ambalo hakulitazamia. Fakihi alikuwa anajaribu kuamka. Kwanza alijiviringisha ubavu, kama gogo linalosukumwa. Akapumzika. Kisha alijisogeza mpaka ukutani, akaweka kiganja, akaweka kingine, akaupanda ukuta kwa mikono kama mjusi, jasho likimtiririka katika ubaridi wa asubuhi. Alipokwisha kusimama alibaki ameegemea, kinywa wazi, bila sauti.

"Unaniigizia mimi?" Dadi aliuliza.

Fakihi alishtuka. Hakujua kama anatazamwa. "Hapana, mjomba. Ni kila siku. Jua likipanda kidogo nitakuwa mtu."

Dadi alichukua kopo lake la maji, akatoka. Siku hiyo alitawadha kwa muda mrefu.

*

Mpiga picha aliitwa Yeremia, kijana wa Lukuledi aliyevaa koti jeupe lililomzidi. Alimsimamisha Fakihi kifua kikiwa kwenye bamba baridi.

"Mabega mbele. Vuta pumzi. Ishike."

"Inauma?" Dadi alipaza sauti kutoka nje ya mlango.

"Haiumi, mzee. Ni mwanga tu."

"Mwanga gani unaopita katikati ya mtu?"

"Huu," Yeremia alisema, na mashine ikanguruma.

Daktari alikuwa mama wa Kizungu aliyeitwa Helena, mrefu, mwenye Kiswahili cha vitabuni na sauti ya mtu aliyezoea kulala kidogo. Alizitundika picha mbele ya taa, ya kifua na ya mgongo wa juu, pale ambapo dresa alikuwa amepatilia shaka. Alizitazama kwa muda mrefu. Dadi alisimama nyuma yake na kofia mkononi.

"Mapafu ni masafi," daktari alisema. "Na mifupa hii hapa haijaliwa. Kifua kikuu cha mgongo hula mfupa mpaka unaporomoka. Hapa hakuna kilicholiwa. Huyu hana kifua kikuu."

Dadi alivuta pumzi mpaka tumbo likainua kanzu. "Alhamdulillahi." Kisha akamgeukia Fakihi. "Basi huumwi kitu."

Hilo ndilo Fakihi hakuwa ameliwaza. Njia nzima aliomba asikutwe na kifua kikuu, na sasa dua ilikuwa imejibiwa, naye alibaki mikono mitupu. Mgonjwa huhurumiwa. Mtu mzima wa afya asiyeinama shambani kwa wakwe zake, asiyechuchumaa kuamkia wakubwa, huyo ni mvivu na mwenye kiburi, na talaka yake inaandikwa haraka kuliko ya mgonjwa.

"Daktari," alisema. "Mimi naumwa."

"Nani amesema huumwi?"

Fakihi hakumtaja mtu. Daktari aliziacha picha, akavuta kiti akakaa mbele yake. "Wakati gani ni mbaya zaidi?"

"Alfajiri. Nikiamka nakuwa mti."

"Ukipumzika, maumivu hupungua?"

"Yanazidi. Siku niliyolala kutwa ndiyo siku niliyolia." Alisita, kwa kuwa Dadi alikuwepo. "Nikiteremka bondeni kuteka maji na wanawake, nikirudi naweza kugeuza shingo. Watu wananicheka. Lakini nisipokwenda, siku nzima imekufa."

Dadi alikuwa anaikunja kofia yake na kuikunjua.

Daktari alimwambia Fakihi alale kifudifudi kwenye meza. Kulala kwenyewe kulichukua muda. Alimgonga mgongo juu, akamgonga katikati, Fakihi akatulia. Kisha aliweka vidole gumba viwili chini kabisa, juu ya makalio, pande mbili, akabonyeza. Fakihi alirukaruka kama samaki.

"Yeremia," daktari aliita. "Tumepiga mahali si penyewe. Picha nyingine, ya chini, uti unapokutana na nyonga. Na moja ya ubavuni."

*

Picha zililetwa alasiri, bado zinadondosha maji. Daktari alitundika ya nyonga mbele ya taa, na pembeni yake akatundika nyingine aliyoitoa kabatini.

"Hii ya kulia ni ya mtu mwingine, ambaye mgongo wake ni mzima," alisema. "Hii ya kushoto ni ya Fakihi."

Dadi alisogea. Mwanzoni hakuona ila ukungu na vivuli. Halafu, kama mtu anayeona njia ya shambani kwake baada ya moto kupita, alianza kutambua. Aliinua kidole chenye kucha nyeusi.

"Hiki ni kiuno."

"Ndiyo."

"Hizi ni pingili za uti zinashuka. Hapa mfupa wa nyonga unashikana na uti, huku na huku." Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa ile ya kazini, isiyokuwa na mzaha. "Mbuzi ni hivi hivi. Hapa pana mstari. Ukiujua, kisu kinapita chenyewe, huhitaji shoka."

"Uonyeshe," daktari alisema.

Katika picha ya yule mtu mwingine, Dadi alifuata mstari mweusi kwa ukucha, kutoka juu mpaka chini, bila kusita. "Kinapita hapa. Na upande huu, kinapita." Alihamia picha ya Fakihi. Ukucha ulianza juu, ukateremka kidogo, ukasimama. Mstari ulikuwa umechafuka, una meno kama ukingo wa msumeno, kisha ukafifia. Alirudi juu akaanza upya. Akajaribu upande wa pili. Huko hakukuwa na mstari hata kidogo. Mfupa ulikuwa umeungana na mfupa, mweupe mtupu.

"Kisu kinapita wapi?" aliuliza.

"Hakipiti," daktari alisema.

Alimwonyesha na ya ubavuni. Nyuma ya pingili, viungo vidogo vinavyomwezesha mtu kujipinda na kugeuka vilikuwa vimeanza kuziba, kutoka chini kwenda juu. Kwenye kingo za pingili mbili za chini palikuwa na kijidaraja chembamba cha mfupa. Vilivyokuwa juu yake bado vilikuwa wazi.

"Viungo hivi vimewaka moto kwa miaka," daktari alisema, "na mwili umejenga mfupa pale palipoungua. Alipokuwa anaambiwa ainame, alikuwa anaambiwa apinde kitu kisichopindika."

Dadi alikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa. "Nimechuna mbuzi tangu sina ndevu," alisema. "Hata beberu mzee kabisa sijamwona hivi. Na huyu ana miaka thelathini."

Fakihi alikuwa bado amesimama mlangoni, shati begani. Alikuja taratibu mpaka kwenye taa. Miaka saba alikuwa amebeba kitu ambacho hakuna aliyekiona, mpaka yeye mwenyewe, alfajiri nyingine, alijiuliza kama si uvivu kweli. Sasa kilikuwa mbele ya macho ya watu watatu, kikidondosha maji. Aliweka kiganja kiunoni, mahali pale pale palipokuwa peupe pichani, akatabasamu kama mtu aliyekutana na shahidi wake.

"Itafunguka?" Dadi aliuliza.

"Iliyofunga imefunga. Sitawadanganya. Kazi yetu ni iliyobaki isifunge, na ikiwa lazima ifunge, ifunge akiwa wima, asiwe mtu wa kutazama miguu yake maisha yote. Nitampa vidonge vya maumivu. Alale kifudifudi kila siku kidogo, avute pumzi ndefu, asiweke mto mrefu. Na atembee. Kule bondeni aendelee kwenda."

"Na plasta?"

"Plasta ingemmaliza."

"Unaambukiza, ugonjwa huu?"

"Hauambukizi. Si kwa kikombe, si kwa kitanda, si kwa mtoto."

"Sema tena, mama."

Daktari alisema tena.

"Na mara ya tatu," Dadi alisema. "Dada yangu ni mgumu."

*

Dadi aliomba picha aende nayo, daktari akakataa. Picha ni za hospitali. Njiani kurudi Dadi alipanda juu ya magunia pamoja na Fakihi, akanuna kutwa nzima, na watu walidhani amepata habari mbaya. Kumbe alikuwa anafikiri. Karibu na Newala alisema, "Picha wanayo wao. Mbuzi ninao mimi."

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Alimtuma mtu kumwita Bimdogo kutoka Chilangala, akamweka mbele, kwenye kigoda, na Sikudhani nyuma yake na Somoe. Fakihi alisimama mbali, upande wa pili wa watu, kwa heshima ya mama mkwe. Wanunuzi walikuwepo, na wasio wanunuzi pia. Dadi alimtundika mbuzi aliyekwisha chunwa, akampasua, akamlaza juu ya gogo.

"Sogeeni. Leo nyama inatanguliwa na maneno. Mnamjua mkwe wangu Fakihi. Mmesema ana kifua kikuu. Nimekwenda naye mwenyewe, nimeiona mifupa yake kwa macho haya, naye bado yu hai. Kifua kikuu hana."

"Basi mvivu," mtu mmoja alisema nyuma, na watu wakacheka.

"Subiri, Stefano. Wewe mdomo wako hauna pingili." Dadi aliweka ncha ya kisu pale uti unapokutana na nyonga, akakisukuma kwa vidole viwili. Kisu kilipita. Kiuno kilifunguka bila kelele, na watu wa mbele wakaguna. "Mmeona? Hapa pana njia. Mimi nina njia hii, wewe Stefano unayo, ndiyo maana unaweza kuinama kuokota kisicho chako. Fakihi hana. Kwake mfupa umeota juu ya njia. Kisu hakipiti, shoka labda. Na kwa mgongo huo amekuwa akipanda mlima na debe la maji. Sasa nani hapa atanieleza uvivu ni nini?"

Stefano alijaribu kucheka, akakuta anacheka peke yake, akaomba apimiwe maini.

Bimdogo alikuwa bado anatazama ule mfupa uliofunguka.

"Na marehemu wangu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Yeye alikuwa na ugonjwa upi?"

Dadi alifuta kisu. Alijibu kama kaka. "Alikuwa na ule mwingine. Ule unaouogopa. Hakuna aliyempiga picha."

Bimdogo alivuta kanga mpaka ikafunika nusu ya uso. Gulio zima lilimngoja, hata waliokuwa na haraka ya nyama.

"Basi huyu si yeye," alisema hatimaye. Kisha, bila kugeuka kumtazama mkwe wake, kwa kuwa mwiko ni mwiko: "Sikudhani, kakunje mkeka wako. Mumeo amesimama juani."

Sikudhani hakuhitaji kwenda kukunja kitu. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kufungwa kamba tangu asubuhi, uko nyuma ya banda la nyama. Aliuweka kichwani, akapita katikati ya watu. Wale ambao wiki nzima walikuwa wanampisha kwa hofu walimpisha tena, lakini safari hii mama mmoja alipiga kigelegele, wa pili akamjibu, na mara soko lote likawa ni vigelegele.

Somoe alitangulia mbio. Alipomfikia baba yake alisimama ghafla, hatua moja kabla, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.

"Naruhusiwa?" aliuliza.

"Unaruhusiwa."

Fakihi hakuweza kuinama kumchukua. Alirudi nyuma akakaa juu ya ukingo wa ukuta wa soko, taratibu, akaegemea. Somoe alielewa bila kuambiwa. Alipanda ukuta, akashika sikio la baba yake, akashika kichwa, akarusha mguu mmoja huku na mwingine huku, akakaa mabegani. Watu walidhani mtu yule hatainuka. Aliweka viganja magotini, akavuta pumzi ndefu mpaka mbavu zikamuuma, akasimama naye.

Alisimama wima kuliko mtu yeyote sokoni. Upande wa kusini ardhi ilikatika, na bonde la Ruvuma lilikuwa limelala chini kwenye ukungu wa joto.

"Unaona nini huko juu?" Sikudhani aliuliza.

"Naona mto," Somoe alisema. "Naona na nchi ya ng'ambo." Alikipigapiga kichwa cha baba yake kwa viganja viwili. "Baba, twende. Usikae tena."

Wakaenda.